Kizuri Hakijiuzi: Oldsmobile, Peugeot na Probox za Bujumbura

Muulize fundi yeyote wa mtaa wa Buyenzi kwa nini Bujumbura nzima inatembea kwa Toyota, na jibu litakufikia kabla hujamaliza swali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mmarekani aliunda magari mapana yanayokunywa mafuta, soko likamtupa. Mfaransa aliunda magari laini yasiyotaka vumbi, nchi ikamshinda. Mjapani akaunda gari gumu, akarithi barabara. Maelezo haya yanapendeza kwa sababu ni mafupi na yanaonekana kutenda haki: kila mmoja kavuna alichopanda. Na kila Probox ya Toyota inayopanda kwenda Bugarama, watu wamebanana ndani na mizigo imefungwa juu, inaonekana kuyatia muhuri.

Naipinga hukumu hiyo. Inasikika vizuri inapotajwa kwa jumla, lakini haistahimili kuulizwa kuhusu gari moja kwa jina lake na kwa mwaka wake. Tuiite kizimbani chapa moja ya Marekani ya bei ya kati iliyoishi zaidi ya karne, kisha chapa ya Kifaransa iliyoshinda barabara mbaya kuliko zetu, kisha Toyota yenyewe. Ushahidi wao watatu unaelekea upande mmoja. Ubora ni kiingilio cha sokoni tu. Nani abaki ndani na nani atolewe huamuliwa na mambo mengine: nafasi ya gari katika ngazi ya bei, vipuri vinavyolifuata, sheria za nchi linakotoka na linakokwenda, na urefu wa njia ya kulifikisha kwa mnunuzi.

Tuanze na Mmarekani. Oldsmobile ilianzishwa na Ransom Olds huko Lansing, Michigan, mwaka 1897. Mwaka 1901 kampuni hiyo ilitoa gari dogo la dola 650. Kiwanda chake cha Detroit kiliungua mwezi Machi mwaka huohuo, lakini kampuni haikuzimika. Baada ya miaka michache ilikuwa ikitoa maelfu ya magari kwa mwaka, na gari lile linahesabiwa kuwa la kwanza la petroli kuundwa kwa wingi Marekani, miaka kadhaa kabla Henry Ford hajaleta Model T. Mwaka 1908 General Motors iliinunua.

Ndani ya General Motors, Oldsmobile ilipewa kazi ya pekee. Alfred Sloan, aliyeshika uongozi wa kampuni mwaka 1923, alizipanga chapa zake kama ngazi. Chevrolet ilikuwa ya anayeanza maisha. Juu yake Pontiac, kisha Oldsmobile, kisha Buick, na kileleni Cadillac. Mtu alipopandishwa cheo kazini, alipanda na gari, wala hakuhitaji kutoka nje ya kampuni kutafuta linalomfaa. Oldsmobile ilisimama katikati kabisa: gari la daktari wa mji mdogo, la mwalimu mkuu, la meneja wa duka. Halikuwa la kujionyesha, lakini jirani aliliona na kuelewa kwamba mwenyewe amesogea.

Kilichohalalisha bei ya kati ni kwamba mteja alipata kitu ambacho ngazi ya chini haikuwa nacho. Oldsmobile ndiyo iliyotangulia kuuza giaboksi ya otomatiki ya Hydra-Matic, katika magari yake ya mwaka 1940. Mwaka 1949 ikaja na injini ya V8 iliyoitwa Rocket, iliyowatia wivu washindani wake wote. Mwaka 1966 Toronado yake ilikuwa gari la kwanza la Marekani kuvutwa na magurudumu ya mbele tangu Cord ya mwaka 1937. Mwaka 1976 Cutlass, gari la Oldsmobile, ndilo lililouzwa kuliko gari jingine lolote Marekani. Mwaka uliofuata chapa nzima ikavuka mauzo ya magari milioni moja.

Hapa ndipo wazee wa hoja ya mafuta wanapoingia. Wanasema bei ya petroli ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, Wajapani wakaja na magari madogo, na Mmarekani akaporomoka. Maelezo hayo yangekuwa kweli kwa Oldsmobile kama ingeporomoka wakati huo. Lakini mwaka 1985, miaka 6 baada ya mshtuko wa pili wa mafuta, Toyota na Honda zikiwa zimejaa Marekani, Oldsmobile iliuza zaidi ya magari milioni moja na kufikia kilele cha historia yake. Anayesema mafuta yaliiua na aueleze kwanza mwaka huo.

Ugonjwa ulianzia kwingine, na dalili yake ya kwanza ilionekana mwaka 1977. Wateja walionunua Oldsmobile waligundua kwamba baadhi ya magari yao yalikuwa na injini ya Chevrolet. Kesi zikafunguliwa katika majimbo mengi, na General Motors ikalazimika kuwalipa fidia. Jambo la kuzingatia ni kwamba injini ile ya Chevrolet haikuwa mbovu. Ilikuwa miongoni mwa injini zilizofanikiwa sana katika historia ya magari ya Marekani. Hakuna aliyekwenda mahakamani kwa sababu gari lilimkwamisha njiani. Walikwenda kwa sababu walilipa bei ya ngazi ya tatu wakapewa moyo wa ngazi ya kwanza, tena kimyakimya.

Dalili ya pili ilikuwa wazi zaidi. Mwezi Agosti 1983 jarida la Fortune liliweka kwenye jalada lake magari manne ya General Motors yaliyopangwa pamoja: moja la Chevrolet, moja la Pontiac, moja la Oldsmobile na moja la Buick. Ilikuwa vigumu kuyatofautisha bila kusoma majina. Ili kupunguza gharama, kampuni ilikuwa imeyajengea mwili mmoja, na kilichobaki tofauti ni taa, nembo, viti na bei. Ngazi ya Sloan ilikuwa imelazwa chini. Mtu anayeona kwamba ngazi ya tatu na ya kwanza ziko kimo kimoja atanunua ya kwanza na kuweka akiba, au atatoka kabisa kutafuta ngazi kwingine.

Msomaji mkali ataniuliza kuhusu dizeli, na ana haki. Mwaka 1978 Oldsmobile ilitoa injini ya dizeli iliyobuniwa haraka kutokana na ile ya petroli. Boliti za silinda-hedi hazikuhimili mgandamizo, hapakuwa na kifaa cha kutenga maji kwenye mafuta, na injini nyingi zilikufa mapema. Ikaondolewa sokoni baada ya mwaka 1985. Ule ulikuwa ubovu halisi, na uliwafanya Wamarekani wengi waiogope dizeli kwa miaka mingi. Lakini tarehe zenyewe zinaidhoofisha hoja ya ubovu: mwaka wa mwisho wa dizeli ile ndio mwaka wa mauzo makubwa kuliko yote. Ubovu uliijeruhi Oldsmobile na ikaendelea kutembea. Kukosa sababu ya kuwepo ndiko kulikoiangusha.

Kampuni yenyewe ilithibitisha hilo mwaka 1988, ilipotoa tangazo la kuwaambia vijana kwamba hii siyo Oldsmobile ya baba zao. Akina baba hao ndio waliokuwa wakiinunua, wakasikia wakitajwa kama aibu. Vijana nao walipofika dukani hawakuona jipya la kutosha. Mwaka 1989, wakati Oldsmobile ikihangaika hivyo, Toyota ilizindua Lexus na Nissan ikazindua Infiniti. Tuliangalie vizuri tendo hilo la Toyota. Kampuni inayosifiwa kwamba gari lake linajiuza lenyewe haikuthubutu kuuza gari la bei ya juu kwa jina la Toyota huko Marekani. Iliunda jina jipya, maduka mapya na ngazi mpya. Ilichukua somo la Sloan wakati warithi wa Sloan wakilisahau.

Kisha yakaja magari ambayo, kwa mujibu wa methali yetu, yalipaswa kuiokoa Oldsmobile. Aurora ya mwaka 1995 na Intrigue iliyofuata zilisifiwa na waandishi wa magari, na kwa uimara na ufundi zilizidi karibu kila kitu ambacho chapa hiyo ilikitoa miaka ya 1980. Hazikuuzwa vya kutosha. Kufikia mwaka 2000 chapa iliyowahi kuuza milioni ilikuwa imeshuka chini ya laki tatu kwa mwaka. Tarehe 12 Desemba 2000 General Motors ilitangaza kuifunga, na tarehe 29 Aprili 2004 gari la mwisho, Alero, lilitoka kwenye kiwanda cha Lansing. Miaka 107, magari zaidi ya milioni 35. Ilikufa ikiwa na magari mazuri kuliko yale iliyokuwa nayo ilipokuwa ikishamiri.

Na haikufa peke yake. Pontiac ilitoweka mwaka 2010, Mercury ya Ford ikamalizikia mwanzoni mwa 2011. Zote mbili zilisimama karibu na ngazi hizohizo za kati, zikiuza magari yaliyofanana na ya ndugu zao. Chevrolet ya chini ipo hadi leo, Cadillac ya juu ipo. Waliozikwa ni wa kati.

Miongoni mwa chapa za kati za General Motors, Buick peke yake ilinusurika, na kunusurika kwake ndiko kunakoimaliza hoja ya ubora. General Motors ilipofilisika mwaka 2009 ilibidi ichague nani afe. Ndani ya Marekani, Pontiac ilikuwa ikiuza zaidi ya Buick. Lakini China, Buick ilikuwa na heshima ya tangu kabla ya vita. Hata mfalme wa mwisho wa nchi hiyo, Puyi, alikuwa nayo. Huko ilikuwa ikiuzwa kwa wingi kuliko nyumbani. Basi Pontiac ikachinjwa na Buick ikaachwa. Hakuna aliyepima boliti za moja na nyingine. Moja ilikuwa na soko ng'ambo, nyingine haikuwa nalo.

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya Marekani, barabara zao ni lami tupu, huku kwetu barabara ndiyo hakimu, na hakimu huyo hapokei matangazo. Basi tumwite Mfaransa, ambaye alihukumiwa na barabara za Afrika Mashariki mbele ya umati.

Mbio za Safari Rally zilikuwa zikipita katika matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7 tu, na mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7, na mshindi akawa Nowicki yuleyule na 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania, naye kwa 404. Kisha ikaja 504, iliyozinduliwa mwaka 1968 na kuchaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1969. Ikashinda Safari mwaka 1975 na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Zikaundwa 504 zaidi ya milioni tatu na nusu. Ziliunganishwa Nigeria, ziliunganishwa Kenya, na huko Kenya zile ndefu zenye safu tatu za viti zilibeba abiria kati ya miji kwa miongo, zikiitwa Pijo.

Kama kuna gari lililopata cheti cha ugumu katika ukanda huu, ni hilo. Anayesema Peugeot iliondoka kwa sababu haikuziweza barabara zetu aeleze jinsi ilivyoziweza wakati zilipokuwa mbaya zaidi.

Iliondoka kwa sababu nyingine, na zinaweza kuhesabiwa. Ulaya iliacha kuunda 504 ya saluni mwaka 1983, na magari ya Peugeot yaliyofuata, kama 405, yaliundwa yakimtazama mteja wa Lyon na wa Milano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza uagizaji wa magari yaliyotumika, na gari jipya lililounganishwa nchini likajikuta likishindana na gari la Kijapani la miaka saba au minane lenye bei ya sehemu ndogo tu ya bei yake. 504 iliendelea kuunganishwa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikizidi kupungua. Mnunuzi hakuikataa; hesabu ndiyo iliyokataa.

Burundi ilikuwa na mzigo wake wa ziada. Vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 viliua biashara ya magari mapya kwa raia wa kawaida. Kuanzia katikati ya 1996 hadi Januari 1999 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya. Chapa inayotegemea duka rasmi, fundi aliyesomeshwa na kiwanda na sanduku la vipuri kutoka Ufaransa haiwezi kupumua katika hali hiyo. Vita vilipotulia na raia akaanza tena kununua gari, alinunua lililofikika. Na lililofikika lilikuwa limeshapangwa na sheria za nchi nyingine kabisa.

Nchi hiyo ni Japan. Huko gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, ukijumlisha kodi na bima zinazoambatana nao, ni gharama inayowafanya Wajapani wengi waone heri kununua gari jingine kuliko kuendelea kulilipia la zamani. Matokeo yake ni mto wa magari yenye umri mdogo na hali nzuri yanayoishia mnadani. Toyota ndiyo inayoongoza soko la Japan, kwa hiyo sehemu kubwa ya mto huo ni Toyota. Kampuni kama BE FORWARD, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 2004, zikamwezesha mtu aliye Bujumbura kuchagua gari kwenye simu, kutuma dola na kungoja meli. Meli inafika Dar es Salaam, gari linakata takriban kilomita 1,500 na kuingilia mpaka wa Kobero. Nani hapo amechagua ubora? Mbunge wa Kijapani aliyepitisha sheria ya ukaguzi amechangia zaidi kujaza barabara za Bujumbura kuliko mhandisi.

Ushahidi wa hili uko mbele ya macho yetu kila siku, tumeuzoea hadi hatuuoni. Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Japan wanaendesha kushoto. Kwa hiyo magari mengi tunayoyasifia yana usukani upande usioifaa nchi hii. Chukua barabara ya kutoka Bujumbura kupanda Bugarama, kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika kwenye mita zisizofika 800 hadi zaidi ya mita 2,000. Mbele yako kuna lori linalojikokota, nyuma yake wameng'ang'ania waendesha baiskeli, na kona hazionyeshi kinachokuja. Dereva mwenye usukani wa kushoto anachungulia kidogo na kuona. Dereva wa Probox yuko upande wa bonde au wa mlima; ili aone lazima alitoe nusu ya gari kwenye njia ya wanaoshuka, au amtegemee abiria wa mbele amwambie kama kweupe. Hiace iliyoundwa kwa ajili ya Japan ina mlango wa abiria ubavu wa kushoto, na hapa ubavu huo ndio unaotazama katikati ya barabara. Mama anashuka na mtoto mgongoni kuelekea kwenye magari.

Kwa kipimo cha kufaa nchi, Peugeot yenye usukani wa kushoto ni bora kuliko magari hayo. Na bado yameishinda. Rwanda, inayoendesha upande uleule wa kulia kama sisi, ilizuia uingizaji wa magari ya usukani wa kulia katikati ya miaka ya 2000, na barabara zake zikabadilika sura kwa uamuzi wa serikali. Fundi wa Kigali hakuamka siku moja na kugundua kwamba ladha yake ni tofauti na ya fundi wa Buyenzi.

Pingamizi kubwa linabaki, na ni zuri: Probox haikuwahi kutangazwa Bujumbura hata siku moja. Iliundwa mwaka 2002 kwa ajili ya makampuni ya Kijapani, gari la kusambazia bidhaa na la kumbebea afisa mauzo sampuli zake. Ikiwa imefika huku bila tangazo na bila duka, si ndiyo maana ya kujiuza?

Hapana, na sababu iko chini ya boneti. Injini ya Probox ni ya ukoo mmoja na injini za Vitz na za Corolla za kipindi hicho. Kipuri kinachoingia kwenye moja mara nyingi kinaingia kwenye nyingine. Gari likipata ajali Ngozi, viungo vyake vinaponya matatu Bujumbura. Fundi aliyejifunza Toyota Carina Ti miaka 20 iliyopita hakulazimika kurudi darasani. Mwenye gari anajua kwamba akihitaji pesa kesho, kuna mnunuzi leo. Hayo yote ndiyo yaliyoiuza Probox: maelfu ya mafundi, wauza spea na madereva wanaofanya kazi ambayo duka rasmi lingewalipa watu kuifanya. Probox ina matangazo mengi kuliko gari lolote nchini, ila wanaoyatoa wana mikono yenye grisi.

Na hapa kuna jambo ambalo mwenye biashara yoyote angefaa kulishika. Kufanana kuliiua Oldsmobile, na kufanana kunaineemesha Toyota ya Buyenzi. Inawezekanaje? Kwa sababu kufanana kwa chini ya boneti, kunapofahamika na wote na kuonekana kwenye bei, ni neema kwa anayetengeneza. Kufanana kwa sura, pamoja na bei ya ngazi ya juu zaidi, ni dharau kwa anayenunua. General Motors ilificha mfanano wa injini hadi mahakamani, kisha ikaanika mfanano wa sura hadi kwenye jalada la jarida. Ilifanya yote mawili kinyume.

Kama bado kuna anayeamini kwamba jina la Toyota lina ulinzi wa kimungu, aitazame Toyota yenyewe. Gari lake la kwanza kuuzwa Marekani, Toyopet Crown ya mwaka 1957, lilishindwa vibaya kwenye barabara kuu za huko, na baada ya miaka michache likaondolewa. Kati ya 2009 na 2010 kampuni ilirudisha mamilioni ya magari kwa ajili ya matengenezo kutokana na matatizo ya kanyagio la mafuta na mikeka, na haikufa. Bali mwaka 2016 iliifunga Scion, chapa iliyoianzisha Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya vijana. Magari mengi ya Scion yalikuwa Toyota ndani na nje. Moja lao lilikuwa Toyota bB ileile tunayoiona hapa. Ubovu haukuiua Toyota, na uzuri haukuiokoa Scion. Hata yule Ove Andersson aliyeshinda Safari na Peugeot ndiye aliyeongoza timu ya mbio ya Toyota, iliyoishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986. Toyota ilipeleka magari kwenye matope, kwa sababu ilijua kwamba uzuri usioonekana hauna mteja.

Kwa nini nibishane na methali? Kwa sababu inatugharimu. Anayeamini kwamba kilichoenea ndicho bora haulizi tena kuhusu usukani, mlango wala breki. Mkulima na mwenye kiwanda kidogo anayeamini kwamba kizuri chajiuza hutengeneza vizuri kisha akakaa akingoja, na kahawa nzuri ya Kayanza inaondoka nchini ikiwa gunia lisilo na jina. Na serikali inayoamini hivyo hujiona mtazamaji wa soko, wakati kodi yake, mpaka wake na thamani ya faranga yake ndivyo vinavyochagua magari ya wananchi. Mwezi Mei 2023 faranga iliposhushwa thamani kwa nguvu, gari halikuwa baya zaidi usiku ule, lakini kila kipuri chake kilikuwa ghali zaidi asubuhi. Miaka hii ya foleni za petroli imefanya vivyo hivyo: gari zuri lisilo na mafuta haliendi popote.

Karibuni yatakuja kwa wingi magari ya Kichina na ya umeme, na mabishano yatarudi palepale: ni mazuri au ni mabaya? Swali hilo halitoshi. Anayetaka kutuma dola zake na aulize nani atalitengeneza mtaani kwake, kipuri kinatoka wapi na kwa sarafu gani, linatoa nini ambacho la bei ya chini halitoi, na nani atalinunua siku akitaka kuliuza. Wanaoandika sheria nao waulize swali moja la ziada: tunataka usukani uwe upande gani? Soko la Burundi halijachagua gari bora. Limechagua gari linalofikika na linalotengenezeka, na anayetaka lichague jingine hana budi kubadilisha njia, kodi na sheria zinazolifikisha hapa.